Mzigo Ulioshonwa

Nyinyi mnaofungua vibanda vya simu pale Ng'ambo ya Tabora siku hizi, wenye taa za duara na viti vya kuzunguka, nawapita kila nikija mjini na ndoo zangu za asali, na mara nyingi nasimama kuwatazama. Mna mikono mizuri. Bisibisi mnaishika kuliko nilivyoishika mimi. Lakini majuzi nilimwona mmoja wenu akipokea simu ya mama mmoja. Akamwuliza namba ya siri kwa sauti, mama akaitaja kwa sauti, benchi zima likasikia, kisha kijana akaiandika kwenye plasta na kuibandika mgongoni mwa simu. Nilitembea na hasira mpaka stendi. Ndiyo maana naandika.

Mtasema mtu wa miaka arobaini na kitu hastaafu. Kweli, hakuna aliyeniaga kwa soda na saa ya ukutani. Niliacha tu. Nitafika huko, lakini sitafika kwa njia iliyonyooka, maana hata kazi yenyewe sikuifanya kwa kunyooka. Leo Tabora, kesho kutwa mnada wa Nzega, wiki inayofuata Igunga, mara Urambo, mara Kaliua. Njia ile ile waliyopita mababu zangu na mizigo kichwani mimi niliipita na sanduku la bati lenye spiriti, mswaki wa zamani na kadi za vocha zilizokwisha, za kubandulia vioo. Kukaa mahali pamoja kulinitia homa.

Aliyenifundisha ni Mzee Mrisho, fundi redio, mtu wa mjini hasa, ambaye baba yake alikuwa fundi saa. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakuhitaji kusomwa mara mbili, mama alinipeleka kwake. Mzee aliviangalia vidole vyangu, akasema ni vidole vya mpagazi, ila tutaona. Alikuwa mkali, mbishi, na aliamini kwamba redio yoyote mbovu imeharibiwa na mke wa mwenye redio. Simu za mkononi zilipoanza kuletwa kwake alizichukia. Alisema redio inasema tu, lakini hiki kidude kinasema na kinakusikiliza na wewe, basi hakina adabu.

Hata hivyo, sheria ya kazi niliyoishika maisha yangu yote ni yake.

"Ukiitwa kutengeneza kitasa cha chumba," alisema, "kazi yako ni kitasa. Kitanda kimetandikwa au hakikutandikwa, hakikuhusu."

Kwa hiyo namba ya siri sikuwa naiuliza. Nilimpa mwenyewe simu aandike, na mimi nikageuza shingo kutazama barabara. Kioo kipya kikishawaka, huhitaji kufungua picha za mtu ili ujue kama kinashika. Fungua kikokotoo, bonyeza namba zote mpaka za pembeni, inatosha. Spika unaijaribu kwa kujipigia mwenyewe. Ukimaliza, mrudishie mtu simu yake kifudifudi. Wateja waliniona mtu wa ajabu, lakini walinirudia. Mfugaji mmoja wa Igunga alikuwa anapita vibanda vitatu vya karibu ili anitafute mimi mnadani.

Huyo huyo mfugaji ndiye aliyenifundisha kwamba mchele haukaushi simu. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Watu wakamwambia aizike kwenye mchele, akaizika, akasahau, akanijia mnada uliofuata. Nilipofungua nikakuta mtindi, na sisimizi wameshafanya makazi. Nikamwambia simu imekufa. Akaniuliza, bila kucheka hata kidogo, kama sisimizi wale wana laini. Basi sikieni: simu iliyolowa izime papo hapo, toa betri kama inatoka, sugua ubao wake kwa spiriti na mswaki laini, na mchele upikeni mle.

Jirani yangu pale Ng'ambo, kwenye kibanda nilichokuwa narudia kila safari, alikuwa Bi Mwanahawa, fundi cherehani. Alishona madera, sare za shule na maforonya, na kibanda chake na changu viligawana ukuta mmoja wa mabati. Alikuwa Mzaramo. Ukoo wake ulikuja bara na misafara, mmoja wao akaugua njiani, akaoa muuguzaji wake, wakabaki Tabora mpaka leo. Mimi Mnyamwezi. Mnajua maana yake, au pengine siku hizi hamjui: sisi ni watani. Alinizidi umri kama mama yangu mdogo, lakini shikamoo yangu haikuwahi kufika peke yake bila tusi nyuma yake, na marahaba yake vilevile. Jina langu hakulitumia. Aliniita mpagazi.

"Mpagazi, umerudi? Nani alikutua huo mzigo, maana naona kichwa kimebonyea."

Nami nilimwuliza kama leo ameshona chochote au amelala akisubiri ngoma ya harusi ya mtu asiyemjua. Siku ilianza hivyo.

Utani huu haukuwa mchezo wa kupotezea muda. Wazee waliotembea njia hii kwa miezi, watu wa makabila mbalimbali, wana njaa na wana mikuki, waliuhitaji wasije wakauana. Mtani anaruhusiwa kusema. Msibani ndipo ulipokuwa na kazi kubwa zaidi. Mtani ndiye aliyeruhusiwa kuingia kwenye nyumba inayolia, akavaa koti la marehemu, akaigiza kikohozi chake, akawaambia wafiwa yale ambayo ndugu wanayajua na hawathubutu kuyasema. Ukimkasirikia mtani, mwenye aibu ni wewe. Watu wetu walikuwa na uhuru wa kusema kabla hatujaambiwa kwamba upo kwenye katiba.

Bi Mwanahawa alikuwa na binti mmoja, Rehema, anayefanya kazi za ndani Maskati. Binti alikuwa akiweka picha zake na maneno yake kwenye mtandao mmoja wa kijamii, na maneno yenyewe mengine yalikuwa makali kuhusu mambo ya nyumbani huku. Mtandao ule ukafungwa nchini. Hamkuwa wadogo sana, mnakumbuka. Asubuhi moja haufunguki, na hakuna aliyekuja kutueleza. Watu wakawa wanakuja kibandani wakinong'ona kama wanaonunua gongo: "Fundi, niwekee ile ya kufungulia." Ile ni VPN. Niliziweka nyingi. Niliwawekea walimu, wauza tumbaku, wachungaji wa makanisa. Na mama anayetaka kuona sura ya mwanawe.

Nikampa Bi Mwanahawa somo nililowapa wote. Nilimwambia bibi yangu alitusimulia kwamba mizigo ya msafara ilikuwa inashonwa kwenye turubai. Mpagazi anabeba, hajui ndani kuna shanga au bunduki, na aliyefumua mshono njiani hakupewa mzigo tena na mtu yeyote. Programu hizi ndivyo zilivyo. Maneno yanashonwa kwenye simu yako, yanafumuliwa mbali huko nje ya nchi. Wanaobeba katikati hawajui kilichomo.

Alinisikiliza, sindano mdomoni, kisha akasema amefurahi kusikia kwamba kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe Mnyamwezi amebeba kitu bila kuchungulia.

Halafu likatoka tangazo. Anayetumia VPN ajisajili, aeleze anatumia ipi na kwa kazi gani, na asiyefanya hivyo ana kosa. Sikilizeni vizuri hapo, maana vijana mnalipita jambo hili kama mnavyoupita mfereji. Hawakusema mizigo yote ifumuliwe. Walisema kila mwenye mzigo ulioshonwa aje aandikishe kwamba ameshona, na aeleze kwa nini. Bi Mwanahawa aliniuliza kama aende akaandikishe kwamba anamwangalia mwanawe. Nilimwambia ni hiari yake. Akasema mtoto alimzaa bila kuandikisha kazi yake, na kumtazama hataandikisha. Hakujisajili. Na mimi sikujua hata mmoja katika wateja wangu aliyejisajili.

Sasa nifike Ntalikwa, kijijini.

Alifariki mzee mmoja huko, mkulima, baba yake Maganga. Maganga alikuwa ofisa serikalini na Mnyamwezi mwenzangu, mtu mwenye tumbo na mwenye huruma. Yeye ndiye aliyewaahidi watu wa kwao bomba la maji. Bomba likaja kweli. Akaja mkubwa mmoja kutoka mbali akakata utepe, likapigwa picha, likatoa maji wiki kadhaa, likakauka. Siku ya matanga Bi Mwanahawa akaingia na kikoi cha marehemu mabegani na fimbo yake mkononi, akakohoa kikohozi kile kile, wajukuu wakaanza kucheka huku wanalia. Akasimama mbele ya Maganga.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya marehemu, "mimi natangulia nikaone kama kwa Mola bomba linatoa maji. Hapa umeniachia bomba la kupigia picha. Mmeniosha kwa maji ya kuomba. Mwambie yule aliyekata utepe airudishe ile mikasi, mtanikatia sanda."

Maganga alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwepo. Akampa jogoo, kama ada inavyotaka, na akamwambia ale na mifupa maana Wazaramo meno wanayo ya kuguguna nazi tu. Watu waliondoka pale wamepona kidogo.

Kulikuwa na kundi la watani kwenye simu, watu wa Tabora, Nzega, Igunga, wengine Dar. Waliokosa msiba wakaomba sauti. Mmoja alikuwa amerekodi, Bi Mwanahawa akaiweka kundini. Humo ndani Maganga mwenyewe alimjibu kwa sauti, matusi matupu, akicheka. Mtu mmoja akaitoa ile ya kwanza kundini akaitupa nje. Ni nani, hatujui mpaka leo. Sauti ikatembea peke yake, bila kikoi, bila jogoo, bila kicheko cha mfiwa. Ikamfikia aliyekata utepe.

Polisi walimchukua Bi Mwanahawa kibandani kwake mchana, dera la mtu liko kwenye cherehani. Kosa, kusambaza uongo wa kuudhi viongozi. Baadaye wakaniita mimi. Simu yake ilikuwa mezani, imefungwa kwa namba, na kwenye kioo, pale juu pembeni, kialama kidogo cha ufunguo kilikuwa kinaonekana. Mnakijua. VPN ikiwa imewashwa kinakaa pale hata simu ikiwa imefungwa. Afande akakigusa kwa kalamu, akaniuliza ni nini na nani amekiweka. Nikasema ni mimi. Akasema basi tutazungumza hilo, lakini kwanza fungua.

Simu za zamani ningefungua nikiwa nakunywa chai. Ile ilikuwa mpya, aliyotumiwa na Rehema. Nikamwambia afande ukweli wa kazi yangu, kwamba naweza kuifuta yote ibaki tupu, lakini kuifungua na vilivyomo siwezi, hakuna fundi wa Tabora anayeweza, anayeweza ni mwenye namba peke yake. Hakuniamini. Alidhani namlinda. Nilitamani ningekuwa namlinda.

Wakanipa nafasi nizungumze na Bi Mwanahawa mahabusu, nimshawishi. Na mimi nilikwenda kumshawishi kweli, msinione shujaa. Maana nilijua humo ndani kuna sauti ya Maganga akicheka. Ikisikika, kila mtu ataelewa ulikuwa utani, na kesi imekwisha. Nilimwambia hivyo. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, anachezea uzi uliobaki kwenye upindo wa dera lake.

"Humo ndani kuna watu wengi kuliko msibani," alisema. "Yumo nesi wa hospitali ya Kitete anayesema dawa hakuna. Yumo mfugaji wako anayesema ng'ombe wake waliochukuliwa. Rehema yumo, na yote aliyoyasema. Watasikiliza kicheko cha Maganga halafu watazima?"

Nikachuchumaa mbele yake.

"Basi, mpagazi, mizigo yote nimekutwika miaka hii. Huu nabeba mwenyewe."

Maganga alisikia, akaja mbio kumsaidia. Na hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo nadhani haliwezi kufanywa na watu wengine duniani. Angeingia pale akasema kwa Kiswahili kikavu, afande, mimi ndiye mfiwa, sikuudhika, huyu ni mtani wangu. Lakini mtu hamtetei mtani wake kwa maneno makavu. Ni kama kumtukana. Unamtetea kwa kumponda, ili kila mwenye masikio ajue kwamba nyinyi ni kitu kimoja. Akapiga kaunta kwa kiganja.

"Afande, mlalamikaji ni mimi. Huyu Mzaramo mfungeni mpaka minazi iote Tabora. Ametuibia jogoo, amemtukana marehemu, na hii si mara ya kwanza."

Kutoka ndani Bi Mwanahawa akamjibu kwamba jogoo mwenyewe alikuwa na kikohozi cha ukoo wao. Tuliokuwepo tukacheka, na nakumbuka kwamba nilipumua, nikadhani yamekwisha. Afande hakucheka. Alikuwa mgeni, ametoka mkoa ambao hauna utani na sisi, na alikuwa anaandika. Akamgeuzia Maganga karatasi. Maganga, bado anajifuta machozi ya kicheko, alidhani afande naye ameingia kwenye utani, akatia sahihi.

Ndivyo mfiwa aliyetoa jogoo alivyokuwa mlalamikaji. Alirudi kesho yake kujieleza, na keshokutwa, na mahakamani akaeleza tena. Akaambiwa maelezo yaliyotiwa sahihi hayana utani. Kazini nako wakaanza kumwuliza kuhusu bomba. Sijawahi kuona mtu mnene akipungua vile.

Bi Mwanahawa walimpa dhamana baada ya siku nyingi. Simu ikabaki kama kidhibiti. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa. Mimi nilionywa kuhusu VPN, nikaambiwa nisirudie, na kwa muda mrefu mtu mmoja asiye na simu mbovu alikuwa anakaa kwenye benchi langu. Kundi la watani lilikufa lenyewe, watu wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Bi Mwanahawa alirudi kwenye cherehani. Nilimpigia kelele asubuhi ya kwanza, nikamwuliza kama huko alikokuwa walimlaza chali au kifudifudi. Akatabasamu, akaangalia barabarani kushoto na kulia, akaniitikia, "Salama, baba." Miaka yote ile hakuwahi kuniita baba. Nilirudi kibandani nikakaa, na simu ya mtu mkononi, bila kukumbuka ina ugonjwa gani.

Presha ilimzidi, akafariki kabla kesi haijakwisha. Wakaifuta kwa sababu mshtakiwa hayupo. Na mimi baada ya maziko nilifunga sanduku la bati, nikaenda kwenye mizinga ya nyuki.

Kwenye msiba wake wenye zamu tulikuwa sisi. Ni lazima. Mzaramo akifa Tabora, Mnyamwezi azuie jeneza mlangoni, atukane, adai chake, ndipo litoke. Maganga alikuwepo, amekaa nyuma, anatazama chini. Wazee wetu wa utani walikuwepo wote. Jeneza likaletwa ukumbini. Nikangoja. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake mikononi, kuona nani ameshika simu. Rehema, aliyepata ruhusa akaja, alikuwa amesimama kwenye pazia la wanawake, na nilimwona anangoja vilevile.

Nikasimama mimi. Nikaweka mguu kizingitini.

"Haendi mtu hapa," nikasema. "Mzaramo huyu ametuita tumbebe, sisi wapagazi wake, na mpaka sasa namba hajatutajia. Bi Mwanahawa, taja namba tukutwike, au shuka utembee."

Ulikuwa utani mzuri. Yeye angeupenda. Hakuna aliyecheka. Upande wa vijana mkono mmoja ulipanda na simu, labda kupiga picha tu, labda sivyo, sitajua. Nikafungua mdomo niendelee. Ndipo mzee mmoja, mtani wa miaka mingi, aliyewahi kulala ndani ya kaburi akigoma kutoka mpaka alipwe, akaanza tahalili, la ilaha illallah. Kabla ya wakati wake. Kwa sauti kubwa. Na wote wakamfuata, Maganga naye, wakaipandisha juu zaidi ya kawaida, na nilielewa kwamba wananifunika. Walikuwa wananifunika kwa wema, kama mtu anavyomtupia mwenziwe nguo.

Nikatoa mguu kizingitini, nikashika upande wangu wa jeneza.